SOMO: Kabla ya Kujenga Kwenye Kiwanja cha Ghala au Kiwanda cha Zamani



Katika semina ya viongozi wa vikundi vya maendeleo tuliyoifanya Kilambo, karibu na kivuko cha mto Ruvuma, mama mmoja alinyoosha mkono kabla sijamaliza utangulizi. "Baba mratibu," alisema, "sisi huku tuna mto, mpunga na mikorosho. Habari za viwanda vya zamani zinatuhusu nini?"

Swali lilikuwa zuri, na wengi waliitikia kwa kichwa. Somo la toleo hili ni jibu kwa mama yule, na kwa kila kamati ya kijiji, ushirika au shule inayofikiria kupokea kiwanja chenye jengo la zamani. Nalitoa nikiwa na sababu yangu mwenyewe, kwa kuwa kosa ninalowaonya nilikaribia kulitenda mimi.

1. KUSINI NAKO KULIKUWA NA VIWANDA

Tumezoea kusema kwamba Mtwara na Lindi ziliachwa nyuma, hivyo hazina uchafu wa viwanda. Jambo hili ni kweli kwa sehemu tu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga Nachingwea. Kwa ajili yake walianza kujenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mpango ulishindwa, na reli ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960 kisha ikang'olewa. Kila penye reli pana karakana, na kila penye karakana humwagika mafuta.

Baadaye ikaja korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangulia, vingi vikiwa mikoa ya kusini, kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Lakini wakati viwanda vinakamilika, mavuno yalikuwa yameanguka. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeingia. Kufikia msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,000 hivi tu. Viwanda vikasimama kimoja baada ya kingine. Baadaye viliuzwa, na baadhi vikatumika kama maghala tu.

Ili kupambana na ubwiri unga, wakulima waliletewa salfa kwa wingi. Salfa hiyo na viuatilifu vingine vilipita katika maghala ya vyama vya msingi, makubwa kwa madogo. Kwa hiyo hata kijiji kisichowahi kuona bomba la moshi kinaweza kuwa na ghala ambalo sakafu yake imebeba dawa kwa miaka thelathini.

Leo viwanja hivyo vinatafutwa tena. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, ghala limekuwa mali. Barabara zimeboreshwa, gesi ya Mnazi Bay imeleta shughuli mpya, na ardhi ya bure ya kujenga shule au zahanati imekuwa adimu. Mtu akikupa kiwanja chenye kuta na sakafu ya zege, ni vigumu kukataa.

2. NINI HUBAKI ARDHINI

Msomaji ataelewa hatari vizuri zaidi akijua vitu vyenyewe. Vinavyopatikana mara nyingi katika viwanja vya namna hii ni hivi:

(a) Mafuta ya ganda la korosho. Akina mama wanaobangua wanayajua kwa jinsi yanavyounguza vidole. Viwandani yalikusanywa katika matangi, kwa kuwa yana soko katika kutengeneza rangi na breki za magari. Tangi likivuja, udongo huwa mweusi na mgumu, na nyasi hazioti.

(b) Dizeli na oili chafu za jenereta, maboila na magari.

(c) Salfa. Yenyewe si sumu kali, lakini ikilundikana ardhini vijidudu vya udongo huigeuza kuwa tindikali, na udongo ukawa mchachu kiasi cha kushindwa kuotesha mimea. Watafiti wa Naliendele wamelichunguza suala hili katika mashamba ya korosho. Pale salfa ilipomwagwa kwa magunia, hali huwa mbaya zaidi kuliko shambani.

(d) Viuatilifu vya zamani, hasa DDT na jamii yake. Hivi haviozi haraka. Hukaa ardhini kwa miongo, huingia katika mafuta ya mwili wa kuku, mbuzi na binadamu, na hupita hata katika maziwa ya mama.

(e) Mabati ya asbestosi, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Transfoma za zamani, ambazo baadhi zilitiwa mafuta yenye sumu. Na madini ya risasi kutoka katika betri na rangi.

Zingatia kwamba vitu hivi havifanani. Udongo wenye dizeli unaweza kutandazwa, kuchanganywa na samadi na kugeuzwa mara kwa mara, na vijidudu vikala mafuta hayo. Udongo wa salfa huweza kutibiwa kwa chokaa. Lakini risasi haiozi kamwe, na DDT huchukua muda mrefu mno. Kwa hiyo hakuna dawa moja ya kiwanja kichafu, na ndiyo maana kupima hutangulia kutibu.

3. MIFANO MIWILI YA KUJIFUNZIA

Vikuge, Kibaha. Hapa palikuwa shamba la serikali la majani ya mifugo, wala si kiwanda. Mwaka 1986 zililetwa tani 170 za viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, na baadhi vilikuwa vimekwisha muda wake. Viliwekwa pasipofaa, vikaharibika na kuvuja. Baadaye mabaki yalikusanywa na eneo likahesabiwa kuwa limesafishwa. Kisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wakapima udongo na maji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba katika baadhi ya sampuli za udongo wa juu DDT na mabaki yake ilizidi robo ya uzito wa udongo wenyewe. Sehemu ya dawa ilikuwa imefukiwa au kuchanganyika na udongo. Kilichoondolewa kilikuwa kile kilichoonekana.

Owino Uhuru, Mombasa. Kando ya makazi haya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Risasi iliingia katika udongo, katika maji na katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe. Hukumu ilipingwa na kutenguliwa katika rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu kiwanda kufungwa. Watoto waliokuwa wakitambaa wakati ule walikuwa wamefika shule za juu.

Vikuge inatufundisha kwamba kufagia si kusafisha. Owino Uhuru inatufundisha kwamba lango la kiwanda likifungwa, sumu haifungiwi ndani, na anayechelewa kuuliza hulipa kwa miaka.

4. ILIVYOTUKUTA SISI

Sitalitaja jina la kijiji. Kipo katika ukanda wetu, kati ya Mtwara mjini na mto. Tulipewa bure kiwanja chenye ghala la zamani ili tujenge chekechea na kisima. Mimi ndiye niliyeandika andiko la mradi. Fedha za wafadhili zilitakiwa kutumika kabla ya mwisho wa mwaka, na mwezi wa nane ulikuwa umeshafika. Niliitisha msaragambo. Jumamosi moja vijana wapatao ishirini walifyeka, wakalima kwa majembe nyuma ya ghala, na wakachoma magunia yaliyooza. Moshi ulikuwa mkali. Wengine walikohoa na macho yakawauma, nasi tukasema ni vumbi.

Wakati wa kupumzika, mama aliyetuletea vitumbua alisema kama mzaha, "Hapo nyuma hapaoti hata kisamvu. Mbuzi wangu hapiti." Maneno hayo hayakunitoka. Jumatatu yake nilikwenda kumwona mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomweleza tulichokusudia, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Watoto wadogo? Pale?" Akanieleza kwamba nyuma ya ghala palikuwa na shimo. Madebe yaliyotoboka na dawa zilizoisha muda vilitupwa humo na kufukiwa, na mvua ikinyesha sana maji yalikuwa yakitoka na harufu. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote. Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Tulisimamisha kazi. Sampuli zilipopimwa katika maabara ya serikali, udongo wa upande wa mbele ulikuwa hauna tatizo. Nyuma ulikuwa mchachu sana, na penye shimo palikutwa mabaki ya viuatilifu. Mahali tulipopanga kuchimba kisima palikuwa hatua 15 kutoka katika shimo hilo, upande wa chini.

Niliwaandikia wafadhili ukweli wote, pamoja na ule wa vijana niliowaweka katika moshi. Niliwaendea pia vijana wenyewe, nikawaomba radhi, nasi tukawapeleka kwa mganga wa zahanati wachunguzwe. Wafadhili walikubali kuongeza muda. Chekechea ilijengwa kwenye kiwanja kingine, upande wa juu, lakini ilichelewa kwa mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo watoto walisomea chini ya mkorosho, na wazazi kadhaa walininung'unikia waziwazi. Sikuwa na la kuwajibu zaidi ya karatasi ya maabara. Ghala lilitengenezwa upande wa mbele likatumika kuhifadhia korosho ndani ya magunia. Shimo limezungushiwa uzio, limeripotiwa, na bado lipo. Kazi haijaisha.

5. HATUA SITA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Uliza. Watafute walinzi, makarani, mafundi na wabeba mizigo wa zamani. Waulize ni nini kililetwa, kiliwekwa wapi, kilimwagwa wapi, na taka zilizikwa wapi. Waulize akina mama wanaopita hapo kila siku. Hatua hii haina gharama, na mara nyingi huokoa fedha nyingi kuliko zote.

Hatua ya pili: Tembea na uangalie. Nenda na viatu vilivyofunika mguu, wala usichimbe. Tazama pasipoota majani, penye madoa meusi, penye harufu, penye mapipa, mabati ya asbestosi yaliyovunjika, transfoma, na ardhi iliyotitia kama shimo la zamani. Wazuie watoto wasikufuate.

Hatua ya tatu: Chora ramani. Karatasi moja inatosha. Onyesha mambo matatu: chanzo, yaani sumu ilipo, njia, yaani jinsi inavyoweza kusafiri kwa maji, upepo, vumbi au chakula, na mpokeaji, yaani watu, mifugo, visima na mashamba. Hatari hutokea pale mambo haya matatu yanapoungana. Ukikata mnyororo mahali popote, umepunguza hatari. Ukanda wetu una sehemu nyingi za kichanga ambako maji hupenya haraka, na visima vingi ni vifupi. Kwa hiyo onyesha vizuri mteremko ulipo.

Hapa ndipo jibu la mama wa Kilambo lilipo. Kijiji kilicho chini hupokea kutoka kwa kijiji kilicho juu. Mashamba ya mpunga ya bondeni, mikoko ya mdomo wa Ruvuma, pamoja na kamba na samaki wa Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, wote ni wapokeaji.

Hatua ya nne: Pima. Kipimo cha uchachu ni rahisi, na maofisa ugani wengi wanakifahamu. Namba 7 ni katikati. Ikishuka chini ya 5 mimea mingi huanza kupata shida. Viuatilifu, risasi na mafuta huhitaji maabara. Wasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kwa habari za viuatilifu na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Chukua udongo wa juu, kisha wa kina cha nusu mita, kisha wa mita moja. Chukua pia sampuli moja kutoka mahali safi mbali na kiwanja, ili uwe na cha kulinganisha, na maji ya kisima kilicho karibu. Kwa viuatilifu na mafuta tumia chupa za kioo, si za plastiki. Andika kwenye kila chupa mahali, kina na tarehe. Mtaalamu akiwepo wakati wa kuchukua, ni bora zaidi.

Hatua ya tano: Linganisha matumizi na udongo. Kiwanja kisichofaa kwa chekechea kinaweza kufaa kwa maegesho, karakana au ghala lenye sakafu ya zege. Watoto hutambaa, hula udongo na hunyonya vidole; wao wapewe mahali safi kuliko wote. Bustani ya mboga na kisima vifuate. Penye uchafu kidogo, zege au tabaka nene la udongo safi huweza kukata njia ya sumu. Penye uchafu mkubwa, weka uzio na uwaite wenye mamlaka. Usichome moto, usifukie, wala usioshe mapipa mtoni. Pipa la dawa lisigeuzwe kuwa la maji, hata likioshwa mara kumi.

Hatua ya sita: Andika na uhifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa, na inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira katika hali nzuri. Lakini bila kumbukumbu, nani atajulikana kuwa alichafua? Kabla ya kusaini hati ya kupokea kiwanja, mtoaji aandike kilichokuwa kikifanyika hapo. Nakala ya ramani na ya majibu ya maabara ikae ofisi ya kijiji na kwa ofisa mazingira wa halmashauri. Mzee mlinzi akifariki, karatasi ibaki ikisema.

6. MWISHO

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 2, watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji wao umekaa pazuri lakini maji yake ni mabaya. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu mbili. Watu wale hawakuona haya kusema kwamba mahali pao pazuri pana kasoro. Naye Elisha hakushughulika na mitungi ya majumbani, bali alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji hivi, nao wanajua uzito wa maji safi. Jambo hili halina dini wala chama.

Mama wa Kilambo aliniuliza tena jioni, tukisubiri gari: "Na kama hatuna fedha za maabara?" Nikamwambia aanze na hatua tatu za kwanza, ambazo zinahitaji miguu, masikio na kalamu tu. Kama hatua hizo zikionyesha shaka, basi wasijenge hapo mpaka wapime. Kiwanja cha bure kinaweza kusubiri. Mtoto aliyekwisha kula sumu hawezi kurudishwa nyuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Taja maghala, karakana na viwanda vya zamani katika kata yako. Leo vinatumika kwa kazi gani?

2. Ni nani bado yupo hai anayejua kilichowekwa humo? Ni lini kamati yenu itamtembelea?

3. Maji ya mvua kutoka katika viwanja hivyo yanaelekea wapi? Kisima cha kwanza yanachokutana nacho ni cha nani?

4. Mfadhili akiwaharakisha, ni nani katika kamati yenu mwenye ruhusa ya kusema "tusubiri"? Je, akisema, mtamsikiliza?